Picha ya Sekela na Mtoto Wake

Mwaka 1956 Mwalimu Anyitike, aliyekuwa akifundisha Iringa, alipelekwa Uingereza kwa kozi ya mwaka mmoja. Jumamosi moja walimu wenzake walimchukua kwenda kuona jumba kubwa la makumbusho ya picha. Ngazi zilikuwa za marumaru, dari imepakwa dhahabu, na kwenye kila ukuta wafalme wanene walimtazama kutoka kwenye fremu zao. Alichoka mapema. Katika chumba cha mwisho, karibu na mlango wa kutokea, akamwona mama yake.

Hakuwa mtu wa kufanana naye. Alikuwa Sekela mwenyewe, na lile kovu la moto juu ya jicho la kushoto, amekaa mbele ya nyumba ya mianzi, migomba nyuma yake, amepakata mtoto. Chini ya fremu waliandika kwa Kiingereza: Mwanamke wa Kiafrika na Mtoto, 1932.

Anyitike alinyoosha mkono.

"Usiguse!" mlinzi alifoka.

"Huyu ni mama yangu."

Mlinzi alicheka. Alipoona Anyitike hacheki, akamwita bwana mmoja wa ofisini. Bwana yule alikuwa mpole. Alisikiliza mpaka mwisho, akaeleza kwamba mchoraji alikwisha kufa na hakuacha jina la mtu yeyote.

"Jina ninalo mimi. Anaitwa Sekela, na yuko hai. Andikeni."

"Hatuwezi kuandika kwa neno la mpita njia," bwana alijibu. "Tena watu wanaipenda hivyo hivyo ilivyo."

Mlangoni waliuza kadi za posta zenye picha ileile. Anyitike alinunua moja.

Kozi ilipokwisha alirudi Iringa, na likizo ya kwanza akapanda basi mpaka Mbeya, kisha lori lililokuwa likienda Tukuyu kuchukua ndizi. Njia nzima alikuwa akitunga maneno ya kumchekesha mama yake.

"Mama, kumbe ulitangulia Ulaya kabla yangu!" alisema, akampa kadi.

Sekela alifuta mikono kwenye kanga, akaisogeza kadi kwenye mwanga. Hakucheka.

"Yule Mzungu," alisema. "Kumbe aliimaliza."

"Ulimjua?"

"Alimwomba chifu, chifu akaniambia nikae. Nikakaa siku nne. Mdogo wako Mika alikuwa anawaka homa. Nikamwambia karani wake, nataka kumpeleka mtoto hospitali ya misheni. Karani akaniambia, subiri, bwana hajamaliza mikono. Siku ya tano tulimzika."

Anyitike alijua tangu utoto kwamba mdogo wake alikufa kwa homa. Habari za mchoraji hakuwahi kuzisikia.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Ulikuwa na miaka minne. Baadaye ukaenda shule yao, ukaipenda. Ningeanzia wapi?"

Alipitisha kidole juu ya kadi, polepole, akitafuta.

"Uso wa Mika uko wapi? Macho yangu siku hizi hayaoni vizuri."

Anyitike aliinama. Kwenye kadi uso wa mtoto ulikuwa doa la kahawia, basi.

"Hapa umefifia. Kadi ni ndogo."

"Na ile kubwa uliyoiona wewe? Walimchora amefumba macho au amefumbua?"

Alikuwa amesimama mbele ya picha ile karibu saa nzima. Aliliangalia kovu, akayasoma yale maandishi mara kumi, akabishana na bwana wa ofisini mpaka sauti ikamkauka. Kumtazama mtoto hakukumbuka.

"Amefumbua," alisema. "Alikuwa anakutazama wewe."

Sekela aliinua kichwa, akamkazia mwanawe macho kwa muda mrefu.

"Siku zile nne Mika hakufumbua macho hata mara moja," alisema.

Kisha akamrudishia kadi. "Kaa nayo wewe, mwalimu."