Koti Alilolalia Mteja

Baba alifumua mshono wa kola kwa wembe, na kupe wakaanza kutoka, wadogo kama punje za ufuta. Aliduwaa. Alikuwa fundi cherehani, na mshono ule aliushona mwenyewe. Mpaka leo nikimwona mtu akifumua nguo, naangalia kwanza kama kuna kinachotembea.

Koti lilikuwa la mama. Mbwa naye alikuwa wake. Alimwita Mteja kwa sababu alijiingiza dukani kwetu, akajilaza chini ya meza ya kukatia vitambaa, asiondoke tena. Mama alipofariki, Mteja aliliangusha koti lake kutoka msumarini akalala juu yake. Baba akamwachia. Tulilikung'uta tu, hatukulifua, maana harufu ya mama ilikuwa bado imo, na sote tulikuwa tunaihitaji.

Kumwogesha tulimwogesha. Dawa ya kupe haikukatika nyumbani. Hata hivyo Mteja aliugua, akapona kwa sindano, kisha akaugua tena: fizi nyeupe, mkojo mwekundu, chakula hataki hata kukiona.

"Mbwa mnamwogesha, sawa," alisema daktari wa mifugo, akichungulia chini ya meza. "Na anapolala je? Kupe wanajificha humo, fundi. Homa hii ikirudi tena, sidhani kama nitamwokoa. Lichomeni koti hilo."

"Hilo haliguswi," baba alisema.

Daktari alipoondoka, nilishindwa kujizuia. "Baba, unataka tumzike Mteja pia?"

Ndipo alipochukua wembe, nadhani ili anionyeshe kwamba koti ni safi.

Alipowaona kupe, alitandaza karatasi na kulipima koti: mabega, mikono, kiuno. Kisha akalipeleka uani na kulimwagia mafuta ya taa. Nililia waziwazi. Yeye alisimama mpaka moto ukaisha, akaingia ndani kupuliza dawa kwenye nyufa za ukuta.

Mteja alipona. Tulimpa gunia tulilokuwa tukilichemsha kila mara, naye akalilalia huku amenuna.

Katikati ya kazi za watu, baba alishona koti jingine, polepole, bila kusema ni la nani. Siku alipolimaliza aliniita ili nilijaribu. Mabega yalinikaa barabara. Akazunguka nyuma yangu, akavuta pindo.

Mteja alinyanyuka, akaninusa mikono na mifuko, akarudi kwenye gunia lake.

"Hajalijua," nilisema.

"Atalijua," baba alisema. "Wewe livae tu."