Mkasi na Gauni la Manjano

Mjukuu wangu anafanya kazi makumbusho. Mwaka jana walikusanya vitu vya watu wa kawaida, vya enzi za ujana wetu: redio za betri, viatu vya matairi, kadi za kununulia sukari. "Babu, kweli wewe huna hata kimoja?" Nikampa mkasi. Nikamwambia nilikuwa fundi wa nguo.

Uongo mtupu. Sijawahi kushona hata kifungo. Mkasi ule nilikabidhiwa katika umoja wa vijana, tulipokuwa tukipita mitaani kukagua mavazi. Suruali ikibana, tunaichana. Gauni likipanda juu ya goti, tunalikata hadharani, watu wanacheka. Nami nacheka.

Siku ya maonyesho nilivaa koti langu zuri. Mkasi niliukuta ndani ya kioo, na kibao: "Mkasi wa fundi cherehani." Pembeni lilining'inia gauni la manjano, limekatwa toka pindo hadi kiunoni. Mwenye gauni, mkunga mstaafu wa rika langu, alikuwa akimsimulia mjukuu wangu.

"Nilikuwa naenda kwenye usaili wa kazi, benki. Nikarudi nyumbani nimejisitiri kwa gazeti. Kazi ikanipita hivyo."

"Waliokukata uliwafahamu?"

"Sura zimenitoka. Ila mwenye mkasi alikuwa na mwanya. Alicheka kuliko wote."

Nikafumba mdomo. Nilishageuka niondoke pale mjukuu aliponiona.

"Babu! Njoo umsalimie mama."

Nikasogea.

"Mama," nikasema, "mwenye mwanya ni mimi. Na huo mkasi si wa fundi. Nisamehe."

Akaniangalia kuanzia viatu hadi mvi.

"Miaka yote hii nilikuwa naota jitu," akasema. "Kumbe ni kizee tu."

Akachukua mkoba wake, akaenda zake. Hakusema amenisamehe, nami sikuwa na uso wa kumfuata.

Mjukuu wangu akafungua kioo, akang'oa kibao, akaandika kingine. Tulipotoka nje ndipo akasema:

"Bibi alijua?"

"Hakujua. Alikufa akijua kule kwenye umoja wa vijana nilikuwa karani tu."

Siku zote hunishika mkono tukivuka barabara. Siku hiyo alitangulia, akanisubiri ng'ambo ya pili, akitazama kwingine.