Isale la Aikande

Aikande ameketi mpakani mwa kihamba chake, shamba la urithi, mgongo kauegemeza kwenye masale, mimea ya mipaka ambayo Mchagga hang'oi hata akilewa mbege. Anamsubiri mpimaji wa serikali ya wakoloni, anayekuja na vigingi kumkatia mzungu wa kahawa ile migomba alikozikwa mumewe. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Huyu mgeni kaja, mwenyeji anaambiwa ahame! Hasira zimemchosha, kope zinashuka, na masale yanafunguka kama mlango.

Anapita. Mbele kuna barabara isiyo na mwisho, na mkononi ana tawi la isale, maana kwao anayepewa isale hakatai ombi. Anafika mji wa vioo, ofisi inatazama ofisi, na mlangoni kasimama kiongozi asiye na uso. Baba, pokea isale, niachieni kaburi la mume wangu. Kitendawili, anasema yule. Aikande anaguna, lakini adabu ni adabu: tega. Shamba lina mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Hayupo vipi, na mimi nimesimama hapa? Umekosa, nipe mji. Kwa mazoea ya utotoni, jikoni kwa bibi yake, Aikande anajibu: haya, chukua Moshi. Na yule anaikunja Moshi kama mkeka, anaitia kwapani. Loo! Kumbe huyu hachezi. Barabara tena, vioo tena, asiye na uso yuleyule, kitendawili kilekile. Mimi ndiye mwenyewe! Umekosa, nipe mji. Marangu inakwenda, Machame inakwenda, na Aikande amechoka kuzungushwa, amechoka, jamani, kuulizwa na mwizi mwenye mali ni nani. Sasa umebaki na kihamba tu, nipe mji. Sikupi, anasema Aikande, na vitendawili vyako katege kwenu! Isale hampi tena. Analichomeka ardhini, mbele ya miguu ya yule asiye na uso, na isale halibagui udongo, linashika.

Anafumbua macho. Mpimaji kasimama juani, kivuli cha kofia kimemmeza uso. Mama, tupishe. Aikande hajui kama ameamka au bado yumo katika mji wa vioo. Kucha zake zina udongo mbichi, na mbele ya buti za yule bwana limesimama isale ambalo alipoketi halikuwapo. Wabeba vigingi, Wachagga wenzake, wameliona. Wametua mizigo chini, hakuna anayesogea.

Vua kofia kwanza, Aikande anamwambia, nione kama una uso.