Kisu cha Mkono wa Kushoto

Emmaculate alijua kuna kasoro hata kabla hajakitazama vizuri kile kisu. Alikipokea kwa mkono wa kushoto, kama anavyopokea kila kitu, akafumba vidole juu ya mpini, na mpini ukamkataa. Kidole gumba kilitafuta mahali pa kukaa, kikakosa. Mahali penyewe palikuwepo, pamechongwa na kupigwa msasa hadi pakawa laini kama sabuni iliyotumika, ila palikuwa upande wa pili.

Akakigeuza kwenye mwanga. Upande wa kulia chuma kilikuwa kimenolewa kwa mteremko mrefu mpaka kwenye makali. Upande wa kushoto kiliachwa bapa kabisa.

"Mzee Amolo," akasema. "Hiki ni cha nani?"

"Chako, Mama Sheryl." Fundi alikuwa anajifuta mikono kwa kitambaa kilichojaa oili, uso wake umechangamka. "Tazama kazi hiyo. Hiyo ni springi ya lori la zamani, si hizi bati za siku hizi. Utakufa ukiacha kisu hicho."

"Hiki ni cha mkono wa kulia."

"Ndiyo," akajibu Amolo, kwa sauti ya mtu aliyeulizwa kama jua limechomoza.

Emmaculate alikuwa amepasua samaki katika ufuo wa Usenge kwa miaka kumi na tisa. Mbuta wakishashushwa kutoka kwenye boti, wanunuzi wa hoteli za Kisumu walizipita meza nyingine zote wakaja kupanga foleni kwenye yake, kwa sababu nyama haikubaki kwenye mfupa. Mgongowazi, yaani mifupa inayobaki mnofu ukishatolewa, zilizotoka kwake zilikuwa safi kiasi kwamba akina mama waliozinunua ili wakaange walimlalamikia kila siku, wakisema amewauzia miiba mitupu. Na kazi hiyo yote aliifanya kwa visu vya dukani, vile vya mpini wa plastiki, ambavyo havikumaliza mwezi kabla ya kulegea.

Kisha jirani yake wa meza, Lorine, akarudi kutoka Kisumu siku moja na kisu kilichofuliwa na Amolo. Kwa macho kilikuwa kibaya. Kilikuwa cheusi, alama za nyundo zimeachwa mgongoni zilivyo, mpini umechongwa kwa kipande cha mti kama wa jembe. Lakini Lorine alipokipitisha juu ya mbavu za mbuta wa kilo sita, mnofu ulifunguka kama zipu. Emmaculate aliomba akijaribu. Kilimwendea kombo, kikazama kwenye nyama, kikaharibu nusu ya samaki.

"Kimenolewa upande mmoja," Lorine akamwambia. "Ni cha mkono wangu. Wewe mwambie mzee akutengenezee chako, akigeuze."

Ndipo akaenda kwa Amolo, nyuma ya soko la Kibuye mjini Kisumu, kwenye kibanda cha mabati kilichobanwa na mafundi wa madirisha. Alimpenda yule mzee siku ile. Alimuuliza maswali ambayo hakuna muuza visu aliyewahi kumuuliza: samaki wako wana uzito gani, meza yako inakufika wapi, unapasua umesimama au umekaa, mikono inapolowa unashikaje? Alimwambia aweke kiganja chake cha kushoto juu ya kipande cha kadibodi, akakizungushia penseli, kidole baada ya kidole. Emmaculate alirudia mara tatu kwamba yeye ni mashoto. Mara zote tatu mzee aliitikia kwa kichwa.

Hiyo ilikuwa wiki tatu zilizopita. Leo alikuwa ametoka Usenge alfajiri, na ndani ya gunia kando ya miguu yake alikuwa na mbuta mzima kwenye barafu, aliyemchagua mwenyewe ufuoni ili amletee fundi kama zawadi.

"Nilikwambia kushoto," akasema sasa. "Ulinichora mkono. Kadibodi iko wapi?"

"Ipo. Niliigeuza tu." Amolo alionyesha kwa kiganja chake mwenyewe, akakipindua juu chini, chini juu. "Mkono ni mkono, mama. Ukiugeuza, unapata wa kulia. Vipimo ni vyako kabisa."

"Uliigeuza."

"Sikiliza, mwanangu." Akamsogelea, akapunguza sauti, kana kwamba anamfichia aibu. "Mimi nimefua chuma miaka thelathini na nane. Sijawahi kutoa kitu cha racham kwenye moto huu, na baba yangu hakuwahi. Watu wataniuliza. Na wewe ni mama wa watu, unapasua chakula cha watu. Nimekufikiria. Shika hicho kwa mkono mzuri wiki mbili tu. Utazoea."

Neno hilo ndilo lililomchoma. Racham angeweza kulimeza. Ni neno la kawaida la kushoto, amelisikia tangu azaliwe, hata linaposemwa kwa kukunja pua. Lakini utazoea! Mwalimu wa darasa la kwanza alimwambia hivyo akimfunga mkono kwenye dawati kwa kamba ya mkonge, na Emmaculate akakaa muhula mzima bila kuandika herufi inayosomeka. Mama mkwe alimwambia hivyo mbele ya wageni wa posa, alipokataa kikombe cha chai ambacho Emmaculate alimnyooshea kwa mkono wa kushoto. Kila mtu aliyewahi kumwambia utazoea alikuwa amekaa vizuri, mikono yake iko huru, anakunywa chai yake. Na hakuzoea. Ana miaka arobaini na mbili, ana meza inayopangiwa foleni, na mkono uliopanga foleni hiyo ni huu huu.

Damu ilimpanda mpaka masikioni. Hakupiga kelele. Aliinama, akafungua gunia, akamtoa mbuta kwa kumshika matamvua, akambwaga juu ya meza ya fundi katikati ya tupa na koleo. Vipande vya barafu vilitapakaa sakafuni.

"Yawa!" akasema Amolo. "Mama, hapo ni mahali pa kazi!"

"Ndiyo kazi yenyewe." Akamnyooshea kisu, mpini mbele. "Pasua."

"Mimi si mpasua samaki."

"Wewe ni fundi wa visu vya samaki. Umekula samaki maisha yako yote. Pasua. Kwa mkono wa kushoto."

Mashine ya kukata chuma katika kibanda cha jirani ilinyamaza. Mafundi wa madirisha wawili walisogea wakiwa wameinua miwani yao ya kazi juu ya paji la uso. Dorca, mama wa chai aliyekuwa na jiko lake ng'ambo ya kijia, aliacha sufuria ikichemka akaja na mwiko mkononi.

Amolo aliwatazama. Angeweza kukataa, lakini watu walikuwa wameshakuwa wengi, na mzee alikuwa na kiburi cha kazi yake. Alikishika kisu kwa mkono wa kushoto. Alianzia nyuma ya kichwa, mahali panapostahili, kwa hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba hajui. Kisha kisu kikampeleka. Alipokivuta kifuate mfupa, kilitoroka kuingia kwenye nyama. Alipokirudisha, kiligonga uti wa mgongo na kukwama. Kidole gumba chake kilikuwa kinaelea hewani, hakina pa kukanyaga. Alijaribu tena kutoka mkiani. Mnofu ulitoka kwa mapande, umechanikachanika kama kitu kilichogugunwa na mbwa. Mmoja wa mafundi wa madirisha akacheka.

"Kinateleza," Amolo akasema kwa hasira.

"Hakitelezi. Ni kizuri sana, umesema mwenyewe. Wewe hujazoea. Jaribu wiki mbili."

Dorca akapiga makofi mara moja, akashindwa kujizuia. Emmaculate akamgeukia. "Dada, una kisu cha vitunguu hapo?"

Aliletewa kijisu chembamba kilichokwisha kwa kunolewa. Alimgeuza samaki upande ambao haujaharibiwa, akaweka kiganja cha kulia juu ya ubavu, na kwa kushoto akafanya kile alichokuwa akifanya mara sabini kwa siku. Mkato nyuma ya kichwa, mkato mrefu kufuata mgongo, kisha kisu kikalala na kupita juu ya mbavu kwa pumzi moja. Mnofu ulitoka mzima. Aliuinua watu wauone, na mbavu zilizobaki mezani zilikuwa nyeupe, hazina nyama.

"Hiki ni kisu cha vitunguu," akamwambia Amolo. "Fikiria ningekuwa na changu."

Mzee alikuwa amekunja uso. "Umeniaibisha mbele ya watu, Mama Sheryl. Mimi ni mtu mzima. Ungeniambia tu."

"Nilikwambia mara tatu!" Hapo sasa sauti ilimtoka, ikafika hadi kwenye vibanda vya nguo. "Mara tatu, Mzee, na ukaitikia! Ukanishika mkono huu, ukaupima kidole kwa kidole, nikafikiri nimepata mtu mmoja anayeuona. Kumbe ulikuwa unaupima ili uugeuze. Ningekosewa kwa bahati mbaya, ningekunywa maji nikaenda nyumbani. Lakini wewe hukukosea. Ulikaa hapa, na moto wako na nyundo yako, ukaamua kwamba unanijua kuliko ninavyojijua. Nani alikuomba unirekebishe? Mimi nilikuja kutengenezewa kisu!"

Hakuna aliyecheka tena. Amolo alichukua kile kisu, akakipangusa magamba, akakitazama kwa muda mrefu kama kitu cha mtu mwingine.

"Hiki siwezi kukigeuza," akasema mwishowe. "Chuma cha upande huu kimeshaondoka. Nikinoa na huo mwingine, kitabaki karatasi."

"Basi fua kingine."

"Rudi wiki ijayo."

"Sirudi wiki ijayo." Emmaculate alivuta kreti ya soda, akaketi mlangoni. "Nikirudi nitakuta umegeuza tena. Utakifua nikiona."

Amolo akageukia makaa. Akachukua koleo. Dorca akambeba mbuta kwenda kumkaanga, akisema hawezi kuacha samaki wa Usenge aoze kwenye meza ya vyuma.

Ilichukua siku mbili. Siku ya kwanza Emmaculate alimuona akizungusha feni ya mkono mpaka makaa yakawa meupe, akikata kipande kingine cha springi, akikifua juu ya kipande cha reli kilichochimbiwa ardhini. Samaki alipoiva, Dorca aligawia kila mtu, na Amolo alikula akiwa amewapa mgongo. Jioni Emmaculate alienda kulala kwa binamu yake Nyalenda, na asubuhi alikuwa kwenye kreti kabla fundi hajafungua kufuli. Siku hiyo chuma kilitumbukizwa kwenye oili chafu, kikalia, kikatoa moshi. Ulipofika wakati wa kunoa, Amolo alishikilia ubapa wa kisu mbele ya jiwe, akasita, akauliza bila kumtazama:

"Huku?"

"Huku."

Wakati wa mpini aliuliza mara nne. Kila mara Emmaculate alishika, akafumba macho, akasema bado. Mara ya tano kidole gumba kilishuka chenyewe, kikakaa. Mzee aliona, akaweka msasa chini.

Ilibaki kugonga herufi A ndogo karibu na mpini, kama anavyofanya kwa kila kisu chake. Amolo hakukichukua kile chuma cha kugongea. Alianza kukifunga kisu kwenye gazeti.

"Na alama?"

"Si lazima."

"Visu vingine unapiga?"

"Mama..."

"Piga."

Alipiga. Mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayetaka jambo liishe. Emmaculate alikifunga mwenyewe, akaaga kwa heshima inayomfaa mtu wa umri ule, akaondoka.

Ufuoni Lorine alikijaribu akashindwa kukitumia, na wote wawili wakacheka hadi wakashika meza. "Aliomba msamaha?" Lorine akauliza.

"Hata neno moja."

"Sasa hasira zimeisha?"

Emmaculate alifikiria. Kisu kilikuwa kizuri kuliko kitu chochote alichowahi kumiliki. Mbavu za mbuta zilikuwa zinamfungukia kana kwamba zilikuwa zimemsubiri. Lakini usiku mwingine alikuwa bado anayakumbuka maneno mengine ambayo angemwambia mzee, na yalikuwa makali kuliko aliyomwambia.

"Hazijaisha," akasema.

Ulipita mwezi mmoja na nusu, simu yake ikalia akiwa katikati ya samaki. Alikuwa Amolo. Alijizungusha kwanza kwa salamu, habari za ziwa, habari za Sheryl shuleni. Kisha akasema kuna mama mmoja amefika kibandani kutoka Homa Bay, ni mashoto, amesikia habari za kisu, naye pia anataka.

"Nilitaka kukuuliza," mzee akasema. "Ule mpini, pale pa kidole gumba, niliteremsha kiasi gani?"

Foleni ya wanunuzi ilikuwa inamtazama. Emmaculate alihisi damu ile ile ikianza kupanda.

"Huyo mama yuko wapi sasa hivi?"

"Yuko hapa. Amesimama mbele yangu."

"Na unanipigia mimi?"

Akakilaza kisu mezani.

"Mzee Amolo, mkono ni wake. Muulize yeye." Akakata simu, akairudisha mfukoni kwa vidole vilivyojaa magamba, akamvuta mbuta aliyefuata.