Mwisho Hausimuliwi

Mwezi wa kumi mwaka 1967, joto la Maskati lilipovunjika na tende za Qurayyat zilipokwisha kushindiliwa makapuni, Bi Masouda alifungua sanduku lake la bati akatoa vitabu tisa, akavifuta vumbi kimoja kimoja kwa pindo la kanga. Vyote vilikuwa vya mauaji na vitisho. Alipokimbia Unguja wakati wa mapinduzi aliacha masufuria na dhahabu ya harusi, akachukua hivyo. Wenzake walimtania kwamba mwalimu hata akikimbia kifo hubeba vifo vya watu wengine.

Ilikuwa desturi ya wanawake wa Kiunguja mtaani. Hali ya hewa ikipoa, kila mmoja humwendea Bi Masouda kuuliza asome kipi, naye humpima mtu kwa jicho kabla ya kujibu. Mwoga hupewa chenye maiti mmoja. Mwenye moyo mgumu hupewa kile cha nyumba isiyo na milango. Kitabu hurudi na sahani ya halua, na sharti ni moja tu, mwisho hausimuliwi. Anayeusimulia, mwaka wa pili hapati kitu.

Mwaka huo muuaji katika vitabu vyote tisa alikuwa Mahfoudh.

Mahfoudh alikuwa kaka yake Bi Masouda, karani wa duka moja Matrah, naye ndiye aliyemweka dada yake nyumbani kwake. Hadithi zilianza kama zilivyokuwa siku zote, kwenye mvua na majumba ya Ulaya. Zikifika sura ya mwisho zilihamia Malindi ya Unguja, kwa chapa ileile. Hapo Mahfoudh aliwaonyesha wenye bunduki dari alimojificha shemeji yake Aflah, nao wakamwacha yeye na dada yake waende zao.

Bi Masouda hakujua. Vitabu vyake alivijua kwa moyo, hakuwa akivisoma tena. Alichojua ni kwamba mumewe Aflah alitangulia Mombasa na barua iko njiani, maana ndivyo alivyoambiwa na kaka yake. Kanzu ya Aflah, ndiyo aliyovifungia vitabu vile safarini, ilining'inia kabatini, na kila Ijumaa aliitoa akaifukiza udi.

Bi Sayyida, shoga yake wa tangu chuoni, alirudisha chake baada ya siku nne.

"Kilikuwaje?"

"Kizuri, bibie. Kimenitisha."

Akaweka halua, akamwamkia Mahfoudh kwa adabu, akaenda zake. Bi Shaikha wa nyumba ya pili alisema chake pia kizuri, ila muuaji alimtambua mapema. Mwezi mzima waliingia na kutoka. Hakuna aliyevunja sharti.

Lakini Bi Shaikha alikuwa na tabia ya kusoma huku akila, na kurasa zake za mwisho zilirudi zimegandana kwa halua. Bi Masouda alizibandua kwa kisu ili azisafishe. Alisoma amesimama, na wali ukaungua.

Mahfoudh alirudi kwa chakula cha mchana.

"Kaka, hiki umekisoma?"

"Nimekisoma. Na kile cha nyumba isiyo na milango."

"Ni kweli?"

Mahfoudh alinawa mikono. "Walitaka mtu mmoja, Masouda. Nilikuwa nna weye na nna yeye."

"Na Mombasa?"

"Ulikuwa huli. Nilipokwambia Mombasa, ukala."

Alivuta sahani, akatenga ukoko pembeni.

Bi Masouda alikwenda kwa Bi Sayyida. "Ulijua."

"Nilijua."

"Na hukunambia."

"Si weye mwenyewe uliyeweka sharti, bibie?"

Hilo lilimchoma kuliko la kaka yake. Kaka alimsaliti mara moja, mtutu ukiwa kifuani. Hawa walimsaliti kila alasiri, na halua juu.

Ijumaa ikasomwa khitma. Aflah hakuwa na ndugu Maskati, kwa hiyo aliyekaa mlangoni kupokea mikono ya rambirambi alikuwa shemeji yake. Watu walisema Mungu amrehemu, Mahfoudh akaitikia amin. Ndani, Bi Shaikha alimwinamia mfiwa akamwuliza taratibu kama kile cha nyumba isiyo na milango kimekwisha kurudi.

"Kimerudi," alisema Bi Masouda. "Kichukue."

Kutoka alipokaa alimwona kaka yake kwa mgongo. Kanzu zake zote zilikuwa kwa dobi, akavaa ya Aflah, iliyokuwa safi na imekwisha kufukizwa. Ilimkaa sawasawa.