Simba wa Dhahabu Ndani ya Plastiki

Mama alichukua kadi yangu ya Simba wa Dhahabu, akaipeleka saiba, duka la kompyuta pale Kimbo, akaipiga laminesheni ya plastiki kama cheti cha kuzaliwa.

"Kitu cha maana hakiachwi hivyo tu, Dorine," akaniambia, amejaa furaha.

Nilitaka kupiga nduru. Katika mchezo wetu wa kadi za wanyama, simba wa kawaida akiuawa amekwisha; wa dhahabu hufufuka. Lakini kadi nene hivyo, hata ikilala kifudifudi, kila mtu anaijua.

Githae, bingwa wa Thika, alicheka mpaka akashika meza. "Sheria ni kadi zako zote zifanane kwa nyuma. Hiyo katundike kwa ukuta!"

Zifanane? Sawa. Nilirudi saiba na kadi zangu zote.

Siku ya fainali mwamuzi alizipapasa, akazigeuza, akasema, "Zinafanana." Githae akamuua simba wangu akidhani ni wa kawaida, akasimama kushangiliwa.

"Kaa chini," nikamwambia. Simba akafufuka, akammaliza.

Githae aligonga meza kwa hasira, soda ikamwagikia kadi zote. Zake zikavimba. Zangu, Mama, aliyekuja kunishangilia, alizipangusa kwa leso.