Mstari wa Kwanza kwenye Daftari la Maoni

Mama Pasi alisoma kitabu kimoja tu maishani mwake, na kukimaliza kulimchukua miezi minne. Alikisoma kwa kidole, neno baada ya neno, midomo ikicheza, saa ya mapumziko pale chumba cha kufulia cha hospitali, amekalia furushi la mashuka. Wenzake hawakumwacha apumue.

"Mama Pasi, bado hujafika huko kisiwani? Walioondoka kwa miguu wameshafika na kurudi."

"Haraka haraka haina baraka," hujibu bila kuinua macho. "Nyie pigeni pasi."

Kitabu chenyewe kilitungwa na binti yake wa pekee.

Binti huyo alikuwa karani wa ofisi ya maji, kazi yake kunakili namba za mita kutoka karatasi moja kwenda nyingine. Mtaani walimwita Bi Kalamu, wengine kwa mapenzi, wengine kwa kejeli. Alikuwa na miaka thelathini na minane, hana mume, hana mtoto, hana shoga wa kumgongea mlango. Miaka ya nyuma aliwahi kulala kitandani wiki tatu, uso ukutani, asiseme na mtu. Mama alimlisha kwa kijiko. Siku ya ishirini na mbili binti aliamka akaomba karatasi, na tangu siku hiyo, kila akitoka kazini, alikaa ukingoni mwa kitanda na kipande cha ubao magotini, akaandika. Miaka saba. Mama hakujua anaandika nini, ila alijua kwamba siku kalamu ile itakapolala, na mwanawe atalala. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Kitabu kiliitwa Kisiwa Kisicho na Mtumbwi. Bi Kalamu hakuwahi kuona bahari. Kisiwa alikitoa kwenye kalenda ya ofisini, mchanga mweupe, minazi imeinama kama inanong'ona. Kuna nyumba ya wageni. Asubuhi moja mwenye nyumba anakutwa amekufa ndani ya tangi la maji ya mvua, na asubuhi hiyohiyo mtumbwi pekee wa kisiwa haupo. Watu sita wamebaki, nahodha wa mtumbwi huo akiwemo, hawana pa kwenda, na mmoja wao ndiye muuaji. Msomaji anaachwa atafute mwenyewe mpaka ukurasa wa mwisho.

Mchapishaji alikichapa huku moyo ukisita. Alimwambia Bi Kalamu, "Hicho cha pili unachoandika kimalize, lakini sikuahidi. Hiki nakipeleka maktaba ya mji. Kikishakaa huko miezi sita nitakuja nisome daftari la maoni. Wasomaji wakikipenda, tutaendelea. Wasipokipenda, dada yangu, tutaagana vizuri."

Daftari hilo la maoni lilikuwa kubwa, limewekwa juu ya meza mlangoni mwa maktaba. Kila kitabu kipya kilipewa ukurasa wake, na watu walikuwa na mazoea ya kuusoma kwanza ndipo waamue kukiazima au kukiacha. Bi Kalamu aliapa hatakanyaga maktaba mpaka miezi sita iishe. Alisema akiliona daftari atakufa kwa kihoro.

Vitabu vilikwama ghalani kwa mchapishaji miezi minne kabla ya kupelekwa maktaba, na nakala ya Mama Pasi ilikuwa mkononi mwake tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo vilipofika yeye alikuwa ameshamaliza. Jumamosi ya kwanza alivaa gauni lake la kutokea, akaenda. Akakuta ukurasa mweupe pe, juu pameandikwa jina la kitabu basi. Akafurahi kuwa wa kwanza.

Sasa, Mama Pasi alikuwa na namna moja tu ya kuandika. Pale kazini kila furushi la mashuka lina kadi yake. Anayemaliza zamu humwandikia anayeingia: mashuka mangapi, lipi limetoboka, doa lipi limekataa kutoka na lilitokana na nini. Ukificha kitu, mwenzako atahangaika kutafuta jambo ambalo wewe ulilijua, na msimamizi hana mchezo na hilo. Miaka ishirini na sita Mama Pasi aliandika kadi hizo, na hakuwahi kupewa onyo. Akashika kalamu, akaandika kwa herufi zake kubwa zilizosimama kama vigingi:

Kitabu kizuri sana. Kurasa 212 hakuna iliyochanika. Nahodha ndiye alimuua mwenye nyumba na mtumbwi aliuachia mwenyewe ila anavyolia huwezi kumdhania. Nililia naye. Someni.

Hakuandika kuwa yeye ni mama wa mtunzi, asije akaonekana anampendelea mwanawe. Alitia sahihi "Msomaji", akarudi nyumbani moyo mweupe. Kwa binti hakusema neno.

Miezi sita hiyo nyumba ilikuwa na uhai. Bi Kalamu alikula bila kubembelezwa. Jioni ungemsikia akicheka peke yake juu ya karatasi zake. "Mama, hiki cha pili kitawatoa jasho," alisema. "Hata wewe hutamjua aliyeua."

"Mimi usinitegemee, mwanangu. Mimi namwamini kila mtu."

"Ndiyo maana nakupa wewe kwanza."

Siku moja kabla ya mchapishaji kuja, uvumilivu ulimshinda Mama Pasi. Alipotoka zamu alipitia maktaba apige jicho tu. Ukurasa ulikuwa umejaa. Alishukuru kimoyomoyo, akaweka kidole na kuanza kusoma chini ya pale alipoandika yeye.

Fundi wa redio aliandika: Nahodha nilimjua tangu ukurasa wa tatu. Hakuna siri hapa.

Mwalimu mstaafu aliandika: Lugha safi, lakini mtunzi hajui kuficha. Alama arobaini kwa mia.

Mwingine: Mimi nimezaliwa kisiwani. Hakuna asubuhi ya kuvaa sweta kama hizi za kitabuni. Na nahodha huyu hata mtoto angemkamata.

Muuguzi: Kila nahodha akilia, mimi nacheka.

Na mwingine, mwandiko mzuri kabisa: Sijakisoma, ila mwisho nimeshaujua, kwa hiyo nimechukua kitabu cha kufuga kuku.

Ishirini na wawili, na karibu wote wimbo mmoja. Mama Pasi alihisi masikio yanawaka. Alimgeukia mkutubi, mwanamume wa makamo aliyekuwa anagonga mihuri.

"Mwanangu, nani amewaambia hawa watu habari za nahodha?"

Mkutubi alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena.

"Mama, anza kusoma juu kabisa."

"Juu nimeandika mimi."

"Najua. Nilikuwepo."

Akasoma. Akarudia, kidole juu ya wino wake mwenyewe. Mara ya pili kidole kilisimama kwenye neno nahodha na hakikuendelea.

"Niliwaambia ili wasihangaike," alisema.

"Najua, mama."

"Kwetu ukificha unaandikiwa onyo."

"Huku ni kinyume. Msomaji wa vitabu hivi anataka ahangaike. Ndiyo raha yake."

"Mbona hukufuta?"

"Daftari hili halifutwi. Nikifuta lako, kesho kila mtunzi ataniletea la kufutwa. Kuna siku nilibandika karatasi juu yake. Wakaibandua waone kilichofichwa. Waliosoma siku hiyo walikuwa wengi kuliko wiki nzima." Akashusha sauti. "Nilifikiri unajua ulichofanya. Nilidhani mna ugomvi na mtunzi."

"Mtunzi nimemzaa mimi."

Mkutubi akauacha muhuri.

Kesho yake Mama Pasi aliomba ruhusa kazini, akakaa kwenye benchi la maktaba tangu milango ifunguliwe. Mchapishaji aliingia na mkoba wake, akasoma ukurasa wote amesimama. Mama alimwendea, akamsalimu, akajieleza alivyoweza: kadi, mafurushi, miaka ishirini na sita, mstari wa kwanza. Mchapishaji alimsikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama.

"Mama," alisema, "na mimi nina mama. Niliwahi kuvunja dirisha la shule, akaenda kuapa mbele ya mwalimu mkuu kwamba amelivunja yeye. Na alikuwa na ujauzito wa miezi minane."

"Nipe kalamu niandike, uone mwandiko."

Akapewa. Kalamu ilivuja, kidole kikachafuka, lakini aliandika nahodha ndiye alimuua, chini ya tangazo la kufungwa kwa maktaba siku za sikukuu. Mchapishaji akalinganisha.

"Unafanana," alikubali. "Basi tuseme ni wewe. Hawa ishirini na wawili uliwashika mkono? Kila mmoja ameandika alijua."

"Walijua kwa sababu niliwaambia."

"Msomaji hasemi niliambiwa, mama. Husema nilijua. Akishasema hivyo, hawezi kurudi nyuma hata umlipe. Na mimi vitabu nawauzia hao hao. Nikiwapelekea cha pili chenye jina lile lile jaladani, wataniuliza, yule asiyejua kuficha?" Akafunga mkoba. "Nitapitia ofisi ya maji nimwambie mwenyewe. Ni haki yake asikie kwangu."

Mama Pasi alijitahidi kuwahi nyumbani, lakini miguu ya miaka sitini ina mwendo wake. Alipofika, binti alikuwa ameshafika, amekaa ukingoni mwa kitanda na viatu miguuni.

"Yamekwisha, mama."

"Ngoja kwanza nikwambie."

"Miaka saba nimemficha mtu mmoja. Mmoja. Fundi wa redio kamwona ukurasa wa tatu." Alisema kama anayesoma namba za mita. "Nilidhani ninaandika. Kumbe nilikuwa nachafua karatasi."

"Ni mimi," Mama akasema. "Mimi ndiye niliyewaambia. Niliandika mstari wa kwanza kwenye daftari, nikataja nahodha. Nilidhani ndivyo inavyotakiwa."

Bi Kalamu aliinua macho. Kisha uso wake ukalainika, na kulainika huko ndiko kulikomtisha mama yake.

"Nilipofeli mtihani," alisema, "uliwaambia watu wote kwamba ulinizuia nyumbani nikusaidie kazi. Hukunizuia hata siku moja. Mchumba wangu alipoghairi, ukasema ulimjibu vibaya mlangoni. Ulikuwa zamu siku hiyo, hukumwona hata kivuli. Leo na hili unataka ulibebe. Mama, mgongo wako unabeba mangapi?"

"Hayo nilidanganya. Hili ni kweli."

"Hata hayo uliapa ni kweli."

"Twende maktaba. Ukauone mwandiko kwa macho yako."

"Mlango ule sitaupita tena." Akauchukua mkono wa mama yake, akaugeuza kiganja juu. Kidole cha shahada kilikuwa cheusi kwa wino. "Tena umetoka huko sasa hivi. Umeenda kuandika ili nikikubali kwenda, nikute. Wewe, mama."

Mama Pasi aliuvuta mkono wake. Akatafuta la kuapia, na kila alilolishika aliona ameshaliapia zamani, kwa uongo, kwa ajili ya binti huyu huyu.

"Nilikisoma mpaka mwisho," alisema hatimaye. "Miezi minne. Nahodha sikumdhania hata kidogo. Nakuapia, mwanangu, ulimficha vizuri."

"Wewe unamwamini kila mtu, mama. Ulisema mwenyewe."

Akavua viatu. Akainama, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa rundo la karatasi za kitabu cha pili. Zilikuwa nyingi, zimeandikwa upande mmoja. Mama alidhani anataka kuzichana, akajiweka tayari kumshika mikono. Binti hakuzichana. Alizipanga vizuri, akazipindua zote, upande mweupe ukawa juu, akachukua rula na kuanza kupiga mistari.

"Unafanya nini?"

"Ofisini karatasi zimekwisha. Hizi zitatosha mita mpaka mwisho wa mwaka."

"Na hadithi?"

"Ipo huko nyuma. Hakuna atakayegeuza."

Akapiga mstari wa pili, wa tatu, imenyooka sawasawa, akaandika namba juu ya kila safu. Mama Pasi alikaa kando yake. Alitaka kuuliza katika hiki cha pili muuaji alikuwa nani, akaona hana tena haki ya kujua. Binti alipomaliza karatasi ya kwanza aliiweka pembeni ikauke, akachukua nyingine. Alipofika ya tano aliiweka rula chini, akajilaza, akageuza uso ukutani.

Mama alimwita kwa jina la utotoni. Akamwita tena. Kisha akanyanyuka taratibu, akaenda jikoni kutafuta kijiko.